Boti ya Nyuma

Wapendwa, somo letu wiki hii linatoka mtoni, kwenye mto Patapsco, mjini Baltimore, Marekani. Wengi wetu tuliiona ile video ya Machi 26, 2024: meli ya mizigo Dali ikigonga nguzo ya daraja la Francis Scott Key, na daraja likaporomoka usiku. Wafanyakazi 6 waliokuwa juu wakiziba mashimo ya barabara walikufa, watu waliotoka Mexico na Amerika ya Kati kutafutia familia zao riziki. Tuwakumbuke hao kwanza kabla ya kuongea mambo ya meli.

Sasa angalieni saa. Meli iliondoka gatini ikisaidiwa na boti 2 za kuvuta meli, zile ndogo zenye nguvu nyingi ambazo ndugu zetu wa Mombasa huziona Kilindini. Zilipoiweka sawa kwenye njia yake zikaiacha, zikarudi. Hazikufanya kosa, ndiyo ilikuwa desturi. Saa saba na dakika 25 usiku stima ikapotea melini. Rubani akaita redioni boti yoyote iliyo karibu, lakini zile 2 zilikuwa zimeshaenda mbali. Saa saba na dakika 29 daraja lilikuwa chini. Dakika 4 tu!

Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo akili yangu hukimbilia bili. Boti hizi hulipiwa, na kusindikizwa zaidi ni pesa zaidi. Naelewa kabisa mtu akisema, “Hapa inatosha.” Lakini Oktoba 2024 wenye meli na kampuni iliyokuwa ikiiendesha walikubali kuilipa serikali ya Marekani karibu dola milioni 102, gharama za kukabiliana na mkasa na kufungua njia ya meli. Na hiyo bado haijagusa bei ya daraja.

Dali ilikwama pale siku 55, mabaharia wakiwa ndani. Mei 20, maji yalipojaa, ndipo boti za kuvuta zikairudisha gatini, umbali wa kama kilomita 4, kwa mwendo wa mtu anayetembea bila haraka.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo. Tukisikia kuvuta, tunafikiria boti ya mbele peke yake, kama lori linalovuta matatu kwa kamba. Lakini meli haina breki kama gari. Ikiwa nzima, hupunguza mwendo kwa kuzungusha injini kinyume. Ikizimika, hata hilo haliwezi. Chombo cha mita 300 kikishaanza kusonga hakisimami ovyo. Mtoni tena mkondo unakisukuma kando, na nafasi ni nyembamba. Kwa hivyo boti za ubavuni hukisukuma kukiweka katikati ya njia. Ya nyuma hufungwa kamba, halafu huvuta kinyume! Ukiwa ufuoni utasema, “Huyu mbona anapinga wenzake?” Kumbe ndiye breki, na akivuta kuelekea upande mmoja, ndiye usukani.

Turudi kwa vikundi vyetu vya nyumbani. Ndugu amefutwa kazi, na sisi wote tunataka kuwa boti ya mbele: harambee Jumapili, duka lifunguliwe Jumatatu. Kisha dada mmoja anauliza, “Deni la zamani limebaki ngapi? Tungoje mwezi mmoja?” Tunamwangalia kama mtu asiye na imani. Mwacheni aulize, tena mjibuni. Na harambee ikiisha, msirudi gatini wote. Mwezi wa tatu ndio kodi ya duka huanza kuuma, na wakati huo hakuna anayepiga simu.

Juni 24, 2024, Dali iliondoka Baltimore kwenda Norfolk, Virginia. Injini yake ilikuwa imewaka na ilikuwa ikienda kwa nguvu zake yenyewe. Hata hivyo ilisindikizwa na boti 4.