Punguza Swali Libaki Mfereji Mmoja

Watu wazima tunaorudi masomoni tuna kisingizio tunachokipenda sana: Kiingereza. Pendekezo la utafiti likirudishwa limejaa wino mwekundu, tunasema lugha ndiyo iliyotuangusha. Mimi ni mwalimu wa jiografia wa sekondari hapa Same, nasoma shahada ya uzamili kupitia Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, na kwa kuwa wenzangu huniletea kazi zao nizipitie kabla hazijaenda kwa msimamizi, nimeona mengi. Kiingereza ni tatizo la pili. La kwanza ni swali. Swali likiwa pana kama wilaya, hakuna sarufi itakayokuokoa.

Chuo Huria kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu wa namna yetu, wenye kazi, watoto na mikopo ya benki, wasioweza kuhamia Dar es Salaam kukaa bwenini. Ubaya wake ni kwamba hakuna kengele. Hakuna mwenzako chumba cha pili anayechapa sura ya tatu ukamwonea wivu. Kwa hiyo utaratibu lazima uutengeneze mwenyewe, na wangu ndio huu.

Mada yangu ni ndiva. Kwa msomaji asiye wa huku: ndiva ni bwawa dogo la kuhifadhia maji ya kumwagilia ambalo Wapare wamekuwa wakilijenga tangu zamani, kwanza kwa udongo na mawe, siku hizi mengine yamesakafiwa kwa saruji. Kijito kinachepushwa usiku, maji yanajaa bwawani, asubuhi mlango unafunguliwa na maji yanashuka kwa mfereji kwenda mashambani kwa zamu. Kulisafisha na kuziba panapovuja ni kazi ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja. Kaya isiyotuma mtu inajua itakachokutana nacho zamu yake ikifika. Huku Upare ya Kusini mto mmoja unaweza kulisha watu wa mlimani na watu wa tambarare. Watu wa Vudee juu na Bangalala chini, kwa mfano, wanajulikana kwa kugawana siku: wa juu wanatumia maji mchana, wa chini wanajaza ndiva zao usiku.

Sasa mtu akitaka kuandika juu ya hayo, kichwa kinachomjia kwanza ni "Mchango wa ndiva katika maendeleo ya kilimo wilayani Same". Kinasikika vizuri. Msimamizi anaweza hata kukipitisha. Lakini kiulize maswali mawili: nitamuuliza nani, na nitasimama wapi nikimuuliza? Kama jibu ni "wakulima" na "wilayani", bado. Same ni wilaya ya kutoka jasi ya Makanya mpaka tangawizi ya Mamba Miamba, kutoka nyika inayopakana na Hifadhi ya Mkomazi mpaka msitu wa Chome na kilele cha Shengena chenye mita 2,462. Huwezi kuimaliza kwa likizo ya Juni.

Punguza. Ndiva moja. Punguza tena. Mfereji mmoja wa ndiva hiyo. Kisha tafuta mahali watu wanapogombana, maana pasipo ugomvi hakuna swali. Mimi niliishia hapa: vuli ikichelewa na maji yakawa hayatoshi zamu ya kila mtu, nani anaamua shamba lipi lirukwe, na anaamua kwa kigezo gani? Hilo lina watu ninaoweza kuwasalimia kwa majina, lina mahali, lina msimu. Na jibu lake silijui kabla ya kwenda, jambo ambalo ni sharti. Ukiwa tayari unajua jibu, unachotafuta ni mashahidi wa kukuunga mkono.

Kuna anayeogopa kwamba swali dogo litamfanya aonekane mtu mdogo. Namwelekeza kwa Profesa Isaria Kimambo. Mwaka 1969 alitoa historia ya kisiasa ya Wapare ya karne nne, kuanzia kama 1500 hadi 1900, aliyoijenga kwa kukusanya masimulizi ya wazee ukoo kwa ukoo. Miaka miwili baadaye, 1971, akatoa kijitabu chembamba juu ya kodi moja tu, mbiru, iliyopimwa kwa mali ya mtu na kuwafanya maelfu ya Wapare wakusanyike hapa Same mwaka 1945 kuipinga. Kitabu kile cha karne nne kinatisha, na kinapaswa kutisha. Kijitabu cha mbiru ndicho cha kuiga: kodi moja, watu waliokataa, wakubwa waliolazimisha, na ndani yake unaona serikali nzima ya kikoloni ilivyofanya kazi. Sisi wenye likizo ya wiki chache tuandike mbiru zetu.

Swali likishapatikana ndipo usome, na hapa usome kwa uroho. Kuna machapisho mengi kuliko unavyodhani. Bonde la Makanya hapa jirani limechunguzwa na watafiti wa Sokoine, wa Delft na wa Stockholm. Marloes Mul alifanyia udaktari wake mtiririko wa maji ya bonde hilo mwaka 2009, na Hans Komakech mwaka 2013 akaandika juu ya taasisi za maji ambazo wananchi wa Bonde la Pangani wanajiundia wenyewe. Makala za namna hii unazipata kwa Google Scholar, na African Journals Online ina majarida ya Afrika ambayo mengi unayapakua bure. Usisahau hazina ya tasnifu ya chuo chenyewe mtandaoni. Humo utaona kazi zilizopita kwa wasimamizi walewale watakaosoma yako, na hilo peke yake ni somo.

Mimi sisomi makala kuanzia juu kwenda chini. Nasoma ikisiri, naruka hadi hitimisho, narudi kwenye mbinu. Ikiwa mbinu haziniingii akilini, hitimisho nalitilia shaka hata kama mwandishi ana jina kubwa. Kisha naenda kwenye marejeo yake kuona nani anatajwa na kila mtu. Huyo ndiye wa kumtafuta kesho. Kila makala inapata kadi moja kwenye daftari: anadai nini, kwa ushahidi gani, na sikubaliani naye wapi. Sehemu ya tatu isiachwe wazi. Ukiiacha wazi kwenye makala kumi, sura yako ya mapitio itakuwa orodha ya "fulani alisema, fulani naye akasema", na msomaji atasinzia kabla wewe hujamaliza kuwataja. Marejeo yaweke kwenye Zotero tangu siku ya kwanza. Ni bure, na inakuepusha na ule usiku wa kuhangaikia koma na mabano ilhali kesho ndiyo siku ya kuwasilisha.

Kwa barua za ruhusa sitakuchosha. Chuo kinakupa barua, inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa pale Moshi, inashuka wilayani, halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji. Toa kopi ya kila barua kabla hujaikabidhi, kopi yako igongwe muhuri wa kupokelewa, na usimfuate mtendaji siku ya gulio.

Tukifika uwandani ndipo ninapotaka tukae kidogo. Hojaji ya kuweka alama za vema ina mahali pake, lakini kwa swali kama langu haikusaidii sana, kwa sababu watu watakujibu kanuni. Nilimkuta mzee mmoja wa kamati ameketi juu ya ukuta wa ndiva, jembe mapajani, akisubiri maji yapande.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Umekuja kuangalia maji yetu?"

Nikamuuliza zamu zinagawanywaje. Akanipa jibu zuri la kwenye mkutano: kila mtu anapata kwa haki, kwa utaratibu, kamati inasimamia. Ningeweza kuliandika, nikashukuru na kuondoka. Badala yake nikauliza, "Wiki iliyopita, nani alikosa maji?" Akacheka, akatazama kule chini kwenye mahindi yaliyokuwa yamejikunja majani, akaanza: mjane fulani alirukwa kwa kuwa mwanawe hakuja msaragambo, mwenye shamba la nyanya pale kona alipewa usiku wa ziada kwa kuwa alitoa mifuko ya saruji, na kulikuwa na mmoja aliyefungua mlango kinyemela, huyo kesi yake bado. Dakika chache tu, na nilikuwa na vigezo viwili ambavyo havimo kwenye kanuni zozote zilizoandikwa. Tangu hapo sianzi kwa "huwa mnafanyaje". Naanza kwa tukio la mwisho: lini, nani, ikawaje. Kanuni itajitokeza yenyewe, pamoja na mahali inapovunjwa.

Ukurasa wa daftari langu la uwandani nimeugawa mara tatu kwa rula: alichosema, nilichoona, ninachodhani. Mahindi yaliyojikunja ni ya safu ya kati. "Nadhani saruji inanunua zamu" ni ya safu ya tatu, na itakaa huko mpaka nipate mtu mwingine wa kunieleza jambo hilohilo bila mimi kumtangulizia maneno. Majina ya watu hayamo. Kila mtu ana herufi, na ufunguo wa herufi hizo uko nyumbani kabatini. Kijiji ni kidogo. Ukiandika "mjane mwenye shamba karibu na mwembe" umeshamtaja.

Safu hizo tatu ndizo zinazokuja kukuandikia sura ya matokeo. Chukua aya ya kawaida ya tasnifu: "Ndiva zina umuhimu mkubwa sana katika maisha ya wananchi. Wananchi wengi wananufaika na ndiva hizo. Hata hivyo kuna changamoto mbalimbali." Hakuna sentensi hapo ya uongo, na hakuna ya kazi. Wengi ni wangapi? Mbalimbali ni zipi? Nani kakwambia? Sasa iandike hivi: "Wajumbe wa kamati walieleza kwamba zamu hufuata orodha. Wakulima wa mwisho wa mfereji walitaja matukio ambayo orodha haikufuatwa, na katika matukio hayo aliyerukwa ni yule ambaye kaya yake haikushiriki msaragambo. Inaelekea, basi, kwamba kazi ya pamoja ndiyo inayothibitisha haki ya maji pale yanapopungua, na orodha inatumika yanapotosha." Kila dai lina mwenyewe. Neno "inaelekea" linamwambia msomaji kwamba hapo ni mimi ninayesema, na kwamba niko tayari kubishiwa. Aya ya namna hii ukiiandika kwa Kiingereza cha kidato cha nne bado itasimama.

Na tafadhali, sura ya kwanza isianze na "Maji ni uhai". Msimamizi anajua.

Kwa kuwa tasnifu yangu ni ya Kiingereza, hoja ya kila sura naiandika kwanza kwa Kiswahili, nusu ukurasa, kama ninayemweleza mwalimu mwenzangu wa hesabu ofisini. Mwalimu wa hesabu ni msomaji mzuri kuliko wa fani yako: hakuogopi, na haoni haya kuuliza "kwa nini?". Akielewa, naanza kuandika kwa Kiingereza. Asipoelewa, kamusi haitanisaidia, narudi kwenye daftari. Baada ya rasimu, nachukua penseli na pembeni ya kila aya naandika kwa maneno machache inasema nini. Aya mbili zikipata maneno yaleyale, moja inaondoka. Aya isiyopata neno lolote inaondoka pia, na hizo mara nyingi ndizo zenye Kiingereza kitamu kuliko zote, kwa hiyo jipe moyo.

Naandika saa kumi na moja alfajiri, kabla nyumba haijaamka. Usiku baada ya kusahihisha madaftari ya wanafunzi kichwa kinafaa kwa kazi za mikono tu: kupanga marejeo, kunakili mahojiano kutoka kwenye simu, kupakua makala kwa bando la usiku. Ukibadilisha, ukajaribu kufikiri usiku na kupakua alfajiri, utachoka bila kuandika chochote.

Watu wananiuliza juu ya programu za akili mnemba. Kunyoosha sarufi, ruksa, kama chuo chako kinaruhusu na ukasema umeitumia. Kutafuta marejeo, hapana, kwa sababu zinaweza kukutungia makala ambayo haipo, yenye mwandishi, mwaka na kurasa zake. Kanuni yangu ni kwamba rejeo nisilolifungua na kulisoma haliingii. Na hakuna programu iliyokuwa pale ukutani siku mzee alipocheka.

Kitu cha mwisho ninachokifanya, ambacho mwongozo wa chuo hausisitizi, ni ukurasa mmoja wa Kiswahili kwa kijiji. Watu wa huku wamezoea kuona wageni wenye madaftari, na swali lao kwangu mapema kabisa lilikuwa majibu ya wale wa kwanza yalikwenda wapi. Nilipokuwa na rasimu ya matokeo nikaomba nafasi kwenye mkutano wa kijiji, nikausoma ukurasa wangu. Mama mmoja akasimama akasema pale nilipoandika kwamba kaya zinatuma mtu msaragambo, niandike wazi kwamba wanaotumwa kusafisha mfereji wa chini ni wanawake, na wanaoketi kwenye kamati ya kupanga zamu ni wanaume. Wajumbe wakanung'unika kidogo, hakuna aliyekanusha. Hoja hiyo sasa ni sehemu nzima ya sura ya nne, na ndiyo ambayo msimamizi ameitaka niipanue.