SOMO: KUZOEA MLIO WA GARI



Katika somo la leo nataka tujifunze habari za kifaa kidogo ambacho siku hizi kimo katika magari mengi yanayoegeshwa katika uwanja wa kanisa letu. Ni kile kinachotoa mlio wa "pi, pi, pi" dereva anaporudi nyuma. Mafundi wa mjini hukiita sensa. Lakini kwa kuwa sensa tuliyoizoea sisi ni ile ya kuhesabu watu, mimi nitakiita kihisio, maana kazi yake ni kuhisi kitu kilicho nyuma ya gari.

Huenda mtu akauliza: mwalimu mstaafu wa chuo cha ualimu, bibi mwenye wajukuu saba, anajua nini habari za magari? Ni swali la haki. Nilijifunza kuendesha mwaka 1984 kwa Land Rover ya chuo, na siku zile kihisio chetu alikuwa utingo. Alishuka, akasimama nyuma, akaita, "Rudi, rudi, kata kulia, rudi!" Alipopiga bodi kwa kofi, dereva alisimama papo hapo bila kuuliza sababu. Mwaka jana wanangu walichanga fedha wakaninunulia gari dogo lililokwisha kutumika kule Japani. Kila ninapoliwasha hunisalimu kwa Kijapani, na nyuma lina vihisio vinne. Katika kulizoea nimefanya makosa mawili, na somo hili limetokana na makosa hayo.

1. KIFAA HIKI HUFANYAJE KAZI?

Tazama bampa ya nyuma ya gari la namna hiyo. Utaona vidude vinne vya mviringo, kila kimoja kama kifungo kikubwa cha koti. Dereva anapoingiza gia ya kurudi nyuma, vidude hivyo hutoa sauti nyembamba mno. Sikio la mwanadamu husikia mitetemo isiyozidi 20,000 hivi kwa sekunde. Sauti ya kihisio ina mitetemo yapata 40,000 au zaidi, kwa hiyo hatuisikii. Inakwenda, inapiga ukuta, inarudi kama mwangwi, na kihisio kinaupokea mwangwi huo. Kisha mtambo hupima muda uliopita tangu sauti ilipotoka hata iliporudi.

Tufanye hesabu pamoja. Sauti husafiri hewani mita 340 hivi kwa sekunde. Ikiwa ukuta uko mita moja na nusu nyuma ya gari, sauti itakwenda mita 1.5 na kurudi mita 1.5, jumla mita 3. Gawanya 3 kwa 340. Utapata sekunde 0.009 hivi, yaani pungufu ya sehemu moja ya mia ya sekunde. Mtambo hufanya hesabu hiyo tena na tena bila kuchoka. Basi ule mlio wa "pi" tunaousikia ndani ya gari si sauti iliyokwenda ukutani, bali ni tafsiri yake kwa masikio yetu.

Jambo hili halikuanza na magari. Popo alilijua kabla yetu. Mwaka 1793 padre mmoja wa Kiitalia aliyekuwa pia mtaalamu wa sayansi, Lazzaro Spallanzani, aliona kuwa popo aliyepofushwa aliweza kuruka bila kugonga kitu. Majaribio yaliyofuata yakaonyesha kuwa popo aliyezibwa masikio ndiye aliyegonga. Wengi hawakusadiki. Ilipita karibu miaka 150 ndipo Wamarekani Donald Griffin na Robert Galambos walipothibitisha kwamba popo hupiga kelele tusizozisikia na kuongozwa na mwangwi wake.

2. MLIO UNASEMA NINI?

Katika magari mengi mlio huanza kitu kinapokuwa yapata mita moja na nusu nyuma ya gari. Kadiri unavyokaribia, ndivyo "pi" zinavyofuatana upesi. Unapobaki umbali wa sentimita 30 hivi, mlio huwa mmoja usiokatika. Huo una maana moja tu: simama. Magari hutofautiana, kwa hiyo kila dereva hana budi kulipima gari lake mwenyewe.

Mimi nililipima hivi. Niliweka boksi kubwa tupu la karatasi uani, nikarudi nyuma polepole. Kila mlio ulipobadilika nilisimama, nikazima injini, nikavuta breki ya mkono, nikashuka na kupima kwa futi ya fundi cherehani. Mjukuu wangu wa miaka tisa alikaa barazani akiandika vipimo katika daftari. Nasisitiza neno barazani. Mtoto asiwekwe kamwe nyuma ya gari ili kujaribu kifaa.

Sasa hesabu ya pili, ambayo ni kubwa kuliko ile ya kwanza. Gari likirudi nyuma kwa mwendo wa kilometa 5 kwa saa, linakwenda mita 1.4 kwa sekunde. Tangu "pi" ya kwanza hata kugonga, kuna sekunde moja tu na nukta kidogo. Mtu kusikia, kufahamu na kukanyaga breki huweza kumla sekunde nzima, na sisi wenye mvi pengine zaidi. Lakini ukirudi kwa kilometa 2 kwa saa, mwendo wa mzee anayetembea taratibu, unapata karibu sekunde tatu. Kifaa ni kile kile, na mlio ni ule ule. Kinachookoa ni mguu wa dereva.

3. KOSA LANGU LA KWANZA: KUAMINI UKIMYA

Katika juma la pili nilikwenda msibani. Wakati wa kuondoka giza lilikuwa limeanza kuingia. Niliingiza gia, nikasikiliza. Kimya. Nikasema moyoni, nyuma ni salama. Baada ya hatua chache gari likainama, na gurudumu la nyuma likatumbukia mtaroni. Vijana sita waliliinua, na mmoja wao, niliyemfundisha mama yake, akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, hukugeuka kutazama?"

Sikugeuka. Tena nilikosa kufikiri jambo ambalo hata mwanafunzi wa darasa la tano angelifahamu. Mwangwi huhitaji kitu cha kugongwa na sauti. Shimo halina kitu hicho. Sauti ilipita juu ya mtaro ikaenda zake, na kifaa kikanyamaza kwa uaminifu kabisa.

Viko vitu vingine ambavyo kihisio huweza kuvikosa:
(a) Vitu vyembamba, kama waya, kamba ya kuanikia nguo au mti mwembamba.
(b) Vitu vya chini, kama jiwe au kigingi cha mbuzi, ambavyo sauti hupita juu yake.
(c) Vitu vilivyo juu, kama nondo zinazochomoza nyuma ya lori.
(d) Vitu laini, kama nguo, ambavyo humeza sauti.
(e) Kitu cho chote, ikiwa vihisio vyenyewe vimefunikwa na tope.

Tazama sasa tulichopata. Kitu kidogo, cha chini, chenye nguo laini: je, si mtoto aliyechuchumaa? Wakaguzi wa usalama wa barabara wa serikali ya Marekani walipovijaribu vihisio miaka ya 2000, waliona kuwa ni vidhaifu katika kutambua watu, hasa watoto. Mwaka 2008 nchi ile ilitunga sheria kwa ajili ya watoto waliouawa na magari yaliyorudi nyuma, na tangu Mei 2018 magari mapya madogo yanayouzwa kule lazima yawe na kamera ya nyuma. Hata hivyo, kamera nayo haina faida kwa dereva asiyeitazama.

4. KOSA LANGU LA PILI: KUDHARAU MLIO

Kosa hili ni kubwa zaidi, na kulisimulia ni vigumu kwangu. Wengi wenu mwafahamu mzambarau ulio pembeni mwa uwanja wa kanisa. Hupenda kuegesha pale kwa ajili ya kivuli. Nyuma ya mahali pale palikuwa na majani marefu, na majani hayo yalikifanya kifaa kipige kelele kila Jumapili nilipotaka kuondoka. Jumapili ya kwanza nilishuka kutazama. Ya pili nilishuka pia. Ya tatu nikasema, ni majani tu. Tangu hapo mlio ukawa kwangu kama kelele za kuku wa jirani.

Jumapili moja, majira ya zambarau, baada ya ibada, niliingiza gia. Kifaa kikalia. Sikujali. Gari lilikuwa limekwisha kuanza kusogea niliposikia kofi zito juu ya bodi. Miguu yangu ilikumbuka utingo wa mwaka 1984, nikasimama papo hapo.

Alikuwa katekista wetu. Nilishuka. Katika majani yale, karibu na bampa, alichuchumaa mtoto wa miaka kama mitatu akiokota zambarau. Midomo yake na kiganja chake vilikuwa vimegeuka rangi. Akanitazama akacheka, akanipa moja. Mama yake akaja mbio kumchukua. Mimi nilikaa chini ya mti nusu saa, na gari akaniendeshea mtu mwingine hata nyumbani.

Kifaa hakikukosea. Kilisema kweli, nami nilikuwa nimejizoeza kutokisikia. Basi mtu aweza kukosea kwa njia mbili: aweza kuuamini ukimya kupita kiasi, na aweza kuudharau mlio kwa sababu jana haukuwa na maana.

5. YATUPASA KUFANYA NINI?

(i) Kabla ya kupanda, lizunguke gari lako lote. Ni hatua kama ishirini tu.
(ii) Futa vihisio kwa kitambaa chenye maji, hasa wakati wa mvua.
(iii) Geuka na kutazama, tumia vioo, tena shusha kioo cha dirisha usikie watu.
(iv) Rudi kwa mwendo wa kutembea taratibu, mguu ukiwa tayari juu ya breki.
(v) Mlio ukilia na hujui sababu, simama ushuke. Usiseme "ni majani tu."
(vi) Ikiwa mahali fulani mlio hulia ovyo kila mara, ondoa sababu yake. Sisi tulifyeka majani yale Jumamosi iliyofuata.
(vii) Ibada inapokwisha, kila mzazi amshike mtoto wake mkono mpaka magari yaondoke, na mtu mzima mmoja asimame nyuma kuwaongoza madereva. Katekista amekubali kuanza, lakini hawezi peke yake kila Jumapili.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini kihisio hakiwezi kutambua mtaro?
2. Ukuta uko sentimita 30 nyuma ya gari. Sauti itasafiri umbali gani kwenda na kurudi?
3. Taja vitu vitatu nyumbani kwako ambavyo kihisio kingeweza kuvikosa.
4. Watoto wako hucheza wapi wakati gari linapoondoka? Kawatazame kabla ya kujibu.

Gari nimekwisha kulizoea. Mlio wake naomba nisiuzoee tena.

Wasalaam,
Mwalimu wenu mstaafu