Simu ikikataa programu: mambo ya kutazama mbele ya kulipa mtu



Msimu wa kupanda muhogo ukikaribia, waagronomo wengi wanaomba kila kikundi kiwe na simu moja yenye PlantVillage Nuru. Ni programu (wengi wetu tunasema aplikasio) iliyotengenezwa na chuo kikuu cha Penn State cha Marekani pamoja na watafiti wa IITA. Unaelekeza kamera kwenye jani la muhogo, nayo inakuambia kama inaona dalili za mozaiki au za michirizi ya kahawia. Ni ya bure. Ikisha kuingia vizuri kwenye simu, inapima majani hata kule shambani pasipo rezo. Faida yake kubwa ni siku ile ya kuchagua miti ya kupanda, kwa sababu magonjwa haya mawili yanasafiri ndani ya miti yenyewe. Ukikata miti kwenye shamba gonjwa, umepeleka ugonjwa kwenye shamba jipya kwa mikono yako, na sombe la watoto linaanza kujikunja mbele hata ya palizi ya kwanza.

Sasa kilio tunachosikia ni hiki: “Niliweka mega, lakini telefone inakatala.” Kisha mama au baba anachukua simu, anaenda nayo kwa kijana kwenye soko, anatoa faranga, anampa na namba yake ya siri “ili atengeneze.” Anarudi na kitu ambacho kilikuwa cha bure. Saa zingine anarudi na kitu kingine kabisa, na pesa ya M-Pesa au Airtel Money inapungua kesho yake. Sababu za simu kukataa ni chache, na karibu zote unaweza kuzitazama mwenyewe ukikaa mbele ya nyumba yako. Maneno ya Kifaransa tunayaandika kama simu nyingi zinavyoyaonyesha. Kwenye simu yako yanaweza kutofautiana kidogo.

Soma kwanza simu inasema nini

Wengi wanaona maandishi, wanafunga haraka, wanajaribu tena mara kumi. Usifanye hivyo. Yale maandishi ndiyo simu inayokueleza inaumwa wapi. Kama hujui kusoma Kifaransa, piga picha ya kioo (kwenye simu nyingi unabonyeza kitufe cha kuzima na kile cha kupunguza sauti kwa pamoja) na umwonyeshe mtoto anayesoma, au mtumie animatere kwa WhatsApp.

Kama imeandika “Espace de stockage insuffisant,” shida ni nafasi, rezo haihusiki. Simu ndogo ya giga 8 haikupi giga 8: sehemu kubwa imeliwa na Android yenyewe. Kilichobaki kimejaa video za WhatsApp, zile za mahubiri, za mpira na za kuchekesha, ambazo kila kundi linatuma asubuhi na jioni. Tena programu inahitaji nafasi zaidi ya uzito wake, maana simu inaishusha kwanza halafu inaifungua. Ni kama gunia la maharagi: haliwezi kumwagwa ndani ya ndoo inayolingana nalo barabara, lazima pabaki pa kuchezea.

Fungua WhatsApp, ingia “Paramètres,” kisha “Stockage et données,” kisha “Gérer le stockage.” Hapo utaona vitu vizito vimepangwa kuanzia kikubwa. Futa video. Lakini ngoja: kama wewe ni katibu na ndani ya simu kuna picha za daftari la kupima mavuno au za risiti za wanamemba, zihamishe kwanza kwenye kadi ya memori au kwenye simu nyingine. Video ya mpira itarudi. Risiti ya gunia 40 hairudi.

Mega za WhatsApp hazifungui Play Store

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Kuna forfe za intaneti zinazofanya kazi kila mahali, na kuna forfe za bei ndogo zinazofungua WhatsApp au Facebook peke yake. Mtu ananunua hii ya bei ndogo, WhatsApp yake inaenda vizuri, picha zinapita, sauti zinapita. Anafungua Play Store, inazunguka tu, inazunguka. Anasema: “Rezo iko, mega iko, basi simu imekufa.” Simu haijafa. Ile forfe hairuhusiwi kupita njia ya Play Store, kama vile tikiti ya pirogi isivyokupandisha lori. Ukiwa kwenye kabine, usiseme tu “nipe mega.” Sema: “Nipe mega za intaneti yote.” Halafu tazama kwenye ukurasa wa programu, mahali pa “À propos de l'appli,” uzito wake ni mega ngapi, mbele hata ya kununua forfe. Nunua inayozidi hapo, maana simu yenyewe nayo inakula njiani.

Na inakula kweli! Ukiwasha intaneti tu, Play Store inaweza kuanza kurekebisha programu zote za zamani bila kukuuliza, na ile unayoitaka wewe inabaki nyuma kwenye mstari, imeandikwa “En attente.” Gusa picha yako au herufi ya jina lako juu kulia ndani ya Play Store, ingia “Gérer les applis et l'appareil,” uzuie hizo nyingine. Kisha rudi kwenye “Paramètres,” “Préférences réseau,” chagua marekebisho yasifanyike yenyewe. Hapohapo tazama “Préférence de téléchargement d'applis.” Kama imewekwa Wi-Fi peke yake, utangoja “En attente” mpaka mavuno, kwa kuwa kijijini kwetu Wi-Fi haiko. Weka iruhusu rezo yoyote.

Kwa wale wanaokaa karibu na mpaka: tazama jina la rezo lililo juu ya kioo. Simu ikishika mnara wa nchi ya jirani, mega ulizonunua hapa zinaweza kukataa, au inite zako zikakatwa kwa bei ya nje. Zima “Itinérance des données.”

Tarehe

Hili linashangaza watu. Betri ikiisha kabisa na simu ikalala siku nyingi, simu zingine zinaamka zikidhani ni mwaka wa zamani sana. Play Store, kama benki, inatazama tarehe ya vyeti vya usalama. Simu ikisema tuko mwaka 2015, cheti cha leo kinaonekana bado hakijazaliwa, na mlango unafungwa. Ingia “Paramètres,” “Date et heure,” uweke “automatique.” Kama rezo haitoi saa, iandike kwa mkono. Kumbuka nchi yetu iko na saa mbili: Goma, Bukavu, Kisangani na Lubumbashi ziko saa moja mbele ya Kinshasa. Saa moja tu haileti kawaida shida hii. Mwaka ndio unaoleta.

Kama umetazama nafasi, mega na tarehe na bado inakataa, zima simu uiwashe. Ikiendelea, ingia “Paramètres,” “Applications,” “Google Play Store,” “Stockage,” kisha “Vider le cache.” Hiyo haigusi picha zako wala majina ya watu.

Ikiandika kwamba “appareil” yako si “compatible,” usilipe mtu yeyote anayekuahidi kuitengeneza. Ile programu inataka Android mpya kuliko yako, au kitu ambacho simu yako haina. Tumieni simu ya mwanamemba mwingine. Kuna wanaopitisha programu kwa Bluetooth au kwa Xender. Tunaelewa sababu, mega ni ghali. Lakini faili iliyopita mikono mingi inaweza kuwa imebadilishwa njiani, na programu yoyote ya pesa usiipokee hivyo hata kwa ndugu yako.

Akaunti ni ufunguo wa nyumba

Simu nyingi zetu ni okazio. Ukinunua simu ambayo akaunti ya Google ya mwenye zamani bado iko ndani, programu zinaingia kwa jina lake, na siku simu inapouliza neno la siri, ni yeye analijua, wewe hapana. Ni vilevile kijana wa kabine akikufungulia akaunti kwa namba yake. Kwa simu ya koperative, fungueni akaunti ya koperative, kwa namba ya koperative. Neno la siri liandikwe kwenye karatasi ndani ya kasha la pesa, watu wawili walijue: katibu na mtunza kasha. Katibu akihama, halihami naye.

Ikiwa kuna kulipa

Kuna programu zinazouzwa: za hesabu, za stoki, za hali ya hewa. Kwanza ulizeni kama kweli mnaihitaji. Daftari zuri bado linafanya kazi. Mkiamua kununua na malipo yakakataliwa, msibonyeze “Acheter” mara ya pili papo hapo. Ingieni “Paiements et abonnements,” kisha “Budget et historique,” mtazame kama ununuzi wa kwanza umeandikwa. Wakati mwingine pesa imeshikwa tu na itarudi kwenye kadi baada ya siku kadhaa. Kama mmenunua kitu kisichofaa, ombeni kurudishiwa mbele ya saa 48 kupita, ukurasa wa Google wa kuomba uko. Baada ya hapo mara nyingi mnaelekezwa kwa aliyetengeneza programu.

Na angalieni sana neno “abonnement.” Majaribio ya bure ya siku 7 yakiisha, pesa inaanza kukatwa kila mwezi au kila mwaka. Kufuta programu kwenye simu hakusimamishi makato. Lazima kuingia “Abonnements” ndani ya Play Store na kulisimamisha hapo.

Namba ya siri ya M-Pesa, Airtel Money au Orange Money inaandikwa ndani ya menyu ya kampuni ya simu peke yake. Haisemwi kwa sauti, haiandikwi kwenye ujumbe, haipewi hata mwenye kabine mnayesali naye kanisa moja. Programu ya bure ikikuomba namba hiyo ili “ifunguke,” ile si programu uliyoitafuta. Itoe, na ubadilishe namba siku ileile.

Nuru ikisha kuingia, usikimbilie shambani. Ifungue ukiwa bado na rezo, chagua lugha, ingoje imalize kushusha inavyotaka. Halafu weka simu kwenye “Mode Avion,” ujaribu jani moja la muhogo nyuma ya nyumba. Ikijibu hapo, itajibu na kule bondeni.