Dondoo Muhimu: Kumkanda Mbwa Wako Nyumbani

Msubiri atulie. Mbwa aliyetoka kubweka getini au aliyekula sasa hivi hakandwi. Mtandikie mkeka penye kimya, alale mwenyewe. Usimlaze kwa nguvu.

Anza kwa kiganja kizima, ukimpapasa polepole kutoka shingoni hadi kiunoni kufuata manyoya. Akishazoea, zungusha ncha za vidole kwenye mashina ya masikio, mabega, kifua na mapaja. Pembeni mwa uti wa mgongo, sawa. Juu ya mfupa wenyewe, hapana. Nguvu ni ile ya kubonyeza embe kujua kama limeiva. Dakika 5 hadi 10 zinatosha.

Akilegea na kushusha pumzi, endelea. Akikaza mwili, akigeuza uso, akilamba midomo ilhali hakuna chakula, au akionyesha weupe wa macho, ondoa mkono. Usingoje angurume.

Mafuta ya kuchua yaache kabatini, maana atayalamba.

Faida ambayo wengi huisahau, nami naiona kubwa kuliko zote, ni kwamba mikono hugundua yaliyofichwa na manyoya. Pekua ndani ya masikio, chini ya ukanda wa shingo, kwapani na katikati ya vidole, maana huko ndiko kupe hujificha, na kupe hueneza magonjwa ya damu. Mshike kupe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute taratibu bila kumpasua. Ukigusa uvimbe, joto lisilo la kawaida au mahali panapomuuma mbwa, usipakande. Mpeleke kwa daktari wa mifugo.