Sifongo, Yavuyavu na Matumbawe: Wanyama Wasio na Kichwa



Ijumaa moja ya Kwaresima, baada ya Njia ya Msalaba katika kigango kimoja hapa Singida, mtoto alituuliza: "Frateri, sifongo ni nini?" Alikuwa amesikia habari ya Mathayo 27:48, jinsi Bwana alivyopewa siki kwa sifongo. Tukamjibu haraka kwamba ni kama sponji ya kuoshea vyombo. Tulikosea. Sponji ya jikoni, kama ile ya godoro, kwa kawaida hutoka kiwandani. Sifongo ya Injili ni mabaki ya mnyama wa baharini. Somo hili ni deni letu kwa mtoto yule.

1. Sifongo

Sifongo hana kinywa, tumbo, mishipa ya fahamu wala misuli. Mwili wake umejaa vitundu. Ndani yake zimo seli zenye kijimkia kama mjeledi. Vijimkia hivyo vikipigapiga, maji huingia kwa vitundu vidogo na kutoka kwa tundu kubwa. Katika kupita huko, sifongo hunasa bakteria na chembe nyingine za chakula, tena hupata oksijeni.

Aristotle alijiuliza: huyu ni mmea au mnyama? Aliona kwamba amejishika kwenye mwamba kama mmea, lakini pia alisikia kwamba hujikaza mtu anapotaka kumng'oa. Leo wanabiolojia wanamweka kati ya wanyama: hajitengenezei chakula kwa mwanga wa jua kama mmea, bali hula viumbe wengine, na buu wake huogelea kabla ya kutulia mahali pamoja.

Huko Jambiani, Zanzibar, wako akina mama wanaofuga sifongo. Hutunga vipande vyake kwenye kamba baharini, na kila kipande hukua kuwa sifongo kamili.

2. Yavuyavu

Yavuyavu ana umbo la mwavuli na minyiri inayoning'inia. Takribani sehemu 95 kati ya 100 za mwili wake ni maji. Ana tabaka mbili za seli, na katikati yake uteute mzito. Tundu moja tu ndilo kinywa, na ndilo la kutolea taka. Hana ubongo, ila ana wavu wa neva unaomwezesha kuhisi na kuogelea. Minyiri yake ina seli zenye sumu za kuchoma mawindo. Hata yavuyavu aliyekufa ufukweni aweza kuchoma, basi tukienda pwani tusimshike.

Si lazima kwenda baharini kumwona. Atakayepanda treni Manyoni au Itigi hadi Kigoma aweza kumkuta katika Ziwa Tanganyika. Mjerumani Richard Böhm alimwona humo mwaka 1883. Huyo wa ziwani ni mdogo, mwenye upana wa sentimita 2 hivi.

3. Matumbawe

Tumbawe ni ndugu wa yavuyavu. Tumchukue yavuyavu mdogo sana, tumgeuze minyiri ikae juu, tumkalishe chini: hapo tunapata picha ya polipu. Polipu wa matumbawe yanayojenga miamba hujijengea kiunzi cha chokaa na huishi kwa maelfu pamoja. Vizazi hufa, viunzi hubaki, na mwamba hukua. Nyumba za kale za Bagamoyo, ambako wamisionari wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni mwaka 1868, na msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani, zilijengwa kwa mawe hayo.

Ndani ya polipu huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho. Mwani humpa polipu chakula; polipu humpa mwani makao. Bahari ikipata joto kupita kiasi, urafiki huo huvunjika: mwani hutoka, tumbawe hupauka, na joto lisipopungua mapema hufa kwa njaa. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1998, matumbawe mengi ya Mafia yalipopauka na kufa. Samaki nao hukosa mazalio, na mvuvi hurudi mikono mitupu.

4. Tunajifunza nini?

Tusimpime kiumbe kwa tunavyomwona kwa nje. Tulichokiita kitambaa ni mnyama. Tulichokiita jiwe ni kazi ya jumuiya nzima. Anayedhani mwamba ni jiwe tu hataona hasara akiulipua kwa baruti ili apate samaki wa siku moja. Baba Mtakatifu Fransisko alilitaja janga la matumbawe katika Laudato Si' (2015), namba 41. Nasi wa bara tumo: hewa ya ukaa inayotoka kwenye injini zetu na misitu tunayochoma huongeza joto la dunia, na bahari hulipokea.

Aristotle hakudharau habari za watu wa baharini. Sisi tulifundishwa na swali la mtoto. Tumerudi kigangoni kumjibu upya.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

1. Ni nini kinachomfanya sifongo awe mnyama, si mmea?
2. Polipu na mwani wanategemeanaje?
3. Ni jambo gani moja tunaloweza kubadili hapa kwetu kwa ajili ya uumbaji?