Mnunuzi ajue uzito wa chuma kabla ya kulipa

Kwa wakazi wa Tarasaa na sehemu nyingine za Delta ya Tana wanaojenga upya baada ya mafuriko ya 2023 na 2024, vyuma vya ujenzi ni gharama kubwa. Chuma cha D12 kinapaswa kuwa na kipenyo cha milimita 12. Kikiwa na milimita 11, ni vigumu kutambua kwa macho, na matuta yaliyo juu yake hufanya kukipima kwa rula kusiaminike. Mizani ndiyo husema kweli.

Kila metali ina densiti yake, yaani uzito wa kila sentimita moja ya ujazo. Chuma cha ujenzi kina gramu 7.85; alumini ina gramu 2.7 tu. Ukijua ujazo, ukauzidisha kwa densiti, unapata uzito.

Mfano: D12 moja ya mita 12

1. Nusu ya kipenyo ni sentimita 0.6. Eneo la ncha ni 0.6 × 0.6 × 3.14 = 1.13.
2. Urefu ni sentimita 1,200. Ujazo ni 1.13 × 1,200 = 1,356.
3. Uzito ni 1,356 × 7.85 = gramu 10,645, karibu kilo 10.65.

Kwa hesabu hiyo hiyo, chuma cha milimita 11 kina kilo 8.95. Anayenunua vyuma 20 vya aina hiyo kwa bei ya D12 hupoteza kilo 34, sawa na vyuma vitatu na zaidi. Hasara kubwa zaidi imo ndani ya nyumba: kila nguzo hupata chuma pungufu kwa asilimia 16.

Uzito wa kukumbuka, kwa mita 12

D8: kilo 4.7
D10: kilo 7.4
D12: kilo 10.65
D16: kilo 18.9

Mnunuzi apime urefu kwanza, hasa chuma kikiwa kimekunjwa, kisha apime vyuma kadhaa pamoja na kugawanya. Tofauti ndogo huruhusiwa na viwango vya ubora. Upungufu ukiwa mkubwa, asilipe. Aliyekwisha kulipa ahifadhi risiti na kipande cha chuma, kisha apeleke malalamiko kwa maafisa wa mizani na vipimo au kwa shirika la viwango vya ubora, KEBS.