Moto Unavyobadilisha Tabia ya Mbao



Nyumba zetu nyingi hapa Fairfax zina kitu cha mbao kilichotoka nyumbani: mbuzi ya kukunia nazi, kinu na mchi, kinyago cha mpingo, au mwiko uliokuja ndani ya sanduku la nguo. Ikifika Januari, kitu hicho kinaweza kupasuka bila mtu kukigusa. Wengine humlaumu fundi kwamba alitumia mti mbovu. Mara nyingi fundi hana kosa. Leo tujifunze sababu yake.

Msamiati wa leo
- unyevu: majimaji yaliyomo hewani au ndani ya kitu
- kusinyaa: kupungua ukubwa kwa kukauka
- kuvimba: kuongezeka ukubwa kwa kunywa maji
- kiini: sehemu ya katikati kabisa
- kubunguliwa: kutobolewa na wadudu

1. Mbao hunywa maji na kuyatoa

Mti ukishakatwa na kukaushwa, mbao yake huendelea kunywa unyevu wa hewa na kuutoa. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 80, kama ilivyo mara nyingi Mombasa au Unguja, mbao hubaki na maji ya karibu asilimia 16 ya uzito wake mkavu. Ndani ya nyumba inayopashwa joto wakati wa baridi, unyevu wa hewa huweza kushuka hadi asilimia 30, na maji ya mbao yakafika karibu asilimia 6. Sehemu ya nje hukauka na kusinyaa kabla ya kiini. Nje inabana, ndani inakataa, na mbao inapasuka.

Kwa hiyo usiweke kinu karibu na tundu la hewa ya moto wala juani dirishani. Kipake mafuta: hayazuii maji kutoka, lakini huyapunguza mwendo.

2. Joto dogo huua wadudu

Tazama paleti, yale majukwaa ya mbao yanayobeba shehena nyuma ya maduka. Utaona muhuri wenye alama ya suke la ngano, herufi mbili za nchi (KE ni Kenya, TZ ni Tanzania) na herufi HT. Maana yake ni kwamba mbao ilitiwa joto mpaka kiini chake kikafika nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30 mfululizo. Joto hilo haliidhoofishi mbao, ila wadudu na mabuu yaliyomo hufa. Ukiona MB, mbao ilipigwa dawa ya sumu. Usiitumie kutengenezea vitu vya watoto.

Kwa nini sheria hiyo? Mwaka 2002, mdudu wa kijani kutoka Asia aligunduliwa katika jimbo la Michigan. Inaaminika aliingia ndani ya mbao za kufungia mizigo. Mwaka 2008 alipatikana katika kaunti yetu ya Fairfax. Buu lake hula chini ya gome, na miti aina ya ash hufa ndani ya miaka michache. Ndiyo maana mkienda kupiga kambi Shenandoah, hamruhusiwi kuingia na kuni kutoka nyumbani isipokuwa zile zilizothibitishwa kutiwa joto.

3. Joto kubwa huibadilisha mbao yenyewe

Mbao imejengwa kwa vitu vitatu vikuu. Selulosi ni kama nondo za ukuta. Lignini ni kama saruji inayozishika. Hemiselulosi huviunganisha viwili hivyo. Ndiyo inayopenda maji zaidi, na ndiyo ya kwanza kuharibiwa na joto.

Katika miaka ya 1990, viwanda vya Finland vilianza kutia mbao katika tanuri lenye joto kali, kwa kawaida kati ya nyuzi 160 na 230. Mvuke huingizwa ili hewa isiifikie mbao ikawaka. Hemiselulosi inapovunjika, mbao hugeuka rangi ya kahawia, hunywa maji kidogo, haivimbi sana, na haiozi upesi. Mbao za ash zilizotiwa joto namna hii huuzwa hapa Marekani kwa kutandika sakafu za baraza.

Faida hiyo ina gharama: mbao huwa nyepesi na kavu, na huvunjika kwa urahisi zaidi. Inafaa kwa sakafu na kuta za nje, haifai kwa boriti ya kubeba paa.

4. Joto likizidi, tunapata mkaa

Wazazi wengi wamewahi kuona tanuri la mkaa: magogo yamefunikwa kwa majani na udongo. Udongo unazuia hewa, kama mvuke kule kiwandani. Joto likifika nyuzi 400 hivi, hemiselulosi na selulosi zimekwisha kuvunjika. Hapo hakuna mbao tena.

Jaribio (pamoja na mzazi)

Pima kwenye mizani ya jikoni kipande cha mbao isiyo na rangi wala dawa. Kiweke ndani ya oveni, nyuzi 220 za Farenhaiti (karibu 105 za Selsiasi), kwa saa tatu. Mzazi asiondoke jikoni. Kipime tena. Kama gramu 107 zimekuwa 100, maji yalikuwa asilimia 7. Kisha kiache bafuni siku tatu, ukipime mara ya tatu.

Maswali ya darasani
1. Kwa nini kipande kiliongezeka uzito bafuni?
2. Muhuri wa HT unatuambia nini kuhusu wadudu? Je, unatuambia mbao haitapasuka?
3. Ungejenga ngazi kwa mbao ya sehemu ya 3? Toa sababu.

Methali ya wiki: *Samaki mkunje angali mbichi.* Fito nazo ni hivyo hivyo: mbichi hupinda kwa sababu maji yamo ndani yake; ikikauka, huvunjika. Muulize mzazi wako methali hii husemwa lini, uje utueleze darasani.